Msimlaumu Mama

Mtoto akizaliwa na kasoro ya mwili katika vijiji vyetu, maswali mawili huja mbio kabla hata kitovu chake hakijakauka. La kwanza: "Mama yake amefanya nini?" La pili: "Ni nani aliyemloga?" Lakini swali la tatu, yaani mwili wa mtoto hujengwaje tumboni, ni wachache waliulizao. Leo nataka tuliulize hilo. Wataalamu wamekwisha kulijibu kwa sehemu kubwa, na sehemu moja ya jibu imepatikana hapa kwetu Katanga, katika nyumba za wazazi za Lubumbashi.

Mimi ni katekista huku Mitwaba. Kazi yangu ni kufundisha wakatekumeni, kuongoza sala ya Dominika Padre asipoweza kufika, na kuitika watu wanitakapo, mchana au usiku. Mtoto mchanga akiwa katika hatari ya kufa, hutumwa mtu kuniita nije nimbatize. Kwa sababu hiyo nimeona mambo ambayo vijana wengine wa rika langu hawakuyaona: watoto wenye mdomo uliopasuka, watoto wenye mgongo uliofunguka, na mara moja mtoto ambaye uso wake sitaueleza hapa, kwa heshima yake na ya mama yake. Aliishi saa chache. Nilimbatiza, tukamzika na jina lake.

Jambo lililonifanya nishike kalamu lilitokea baada ya maziko. Mama yule hakuachwa alie kwa amani. Shangazi wa mume wake aliketi mbele yake akamtaka ataje majina ya wanaume aliotembea nao. Mwingine akamtaja bibi mzee wa jirani, kwamba ndiye mlozi. Siku ya tatu mama yule hakuwa amekula hata tonge moja la bukari. Hapo nikakumbuka Padre mmoja aliyetufundisha elimu ya viumbe seminarini. Alituzoeza kuuliza kwanza jambo hutendekaje, ndipo tuulize ni nani wa kulaumiwa. Basi na tufuate mafundisho hayo.

Kichuguu hakina kapita

Kila mmoja wetu alianza akiwa chembe hai moja tu, ndogo kuliko punje ya chumvi. Wataalamu huiita seli. Seli hiyo hugawanyika zikawa mbili, mbili zikawa nne, nne zikawa nane, hata zikawa nyingi kupita hesabu. Lakini ajabu kubwa si wingi wake. Ajabu ni kwamba kila seli hufika mahali pake na kushika kazi yake: hii ikawa ya jicho, ile ya ini, nyingine ya ukucha. Nani azipangaye?

Mnaosafiri kwa lori katika nchi yetu mmeviona vichuguu vya Katanga, vingine virefu kuliko nyumba. Kichuguu hakina kapita. Hakuna mchwa asimamaye juu na kutoa amri. Kila mmoja hufuata harufu na alama alizoziacha mwenzake, naye huongeza tonge lake la udongo panapofaa. Seli za mtoto hufanya hali kadhalika. Seli moja hutoa protini fulani. Seli ya jirani huipokea penye ukuta wake kwa kipokeo kilichofanywa kwa ajili ya protini hiyo. Ndipo habari hupita ndani, kutoka mkono hadi mkono, mpaka kwenye kiini, na huko huamsha jeni hizi na kulaza zile.

Tena habari hiyo ni kali karibu na hafifu mbali. Mtu akikausha samaki wa Lufira, jirani yake husikia harufu sana, na yule wa mwisho wa kijiji husikia kidogo tu. Kwa kipimo cha namna hiyo seli hujua iko umbali gani kutoka kwa mwenye kutoa habari, nayo huamua iwe nini.

Jambo la pili ni mwelekeo. Fundi wa kuezeka hulaza nyasi zote upande mmoja. Akizilaza ovyo, hata zikiwa nyingi namna gani, mvua itaingia. Seli nayo lazima ijue mbele na nyuma, juu na chini. Mwaka 1988 mtaalamu Kenneth Kemphues wa Marekani na wenzake walitangaza jeni walizozikuta katika mnyoo mdogo wa udongoni, mwenye urefu wa milimita 1 tu. Jeni hizo zikiharibika, yai la mnyoo hushindwa kutofautisha mbele na nyuma. Hugawanyika sawa kwa sawa pale lilipopaswa kutoa seli moja kubwa na nyingine ndogo, na mnyoo haukamiliki. Jamaa za jeni hizo zimo pia katika mwili wa mwanadamu.

Wengine walitazama bawa la inzi mdogo wa matunda. Katika bawa lake kila seli huotesha unywele mmoja, na nywele zote huelekea ncha ya bawa. Jeni fulani ikiharibika, nywele huzunguka-zunguka kama maji kwenye shimo la mto. Jeni moja ya namna hiyo waliipa jina la Van Gogh, mchoraji wa Uholanzi aliyechora anga lenye mizunguko. Mtu aweza kucheka na kusema: Nywele za inzi zatufaa nini? Lakini mwaka 2007 wataalamu walitangaza kwamba jeni ya ukoo huo huo ilikutwa na kasoro katika baadhi ya watu waliozaliwa na mgongo wazi. Maana uti wetu wa mgongo huanza kama bamba bapa. Seli zake zikielekea pamoja, bamba hujikunja likawa bomba. Zikipotewa na mwelekeo, bomba halifungiki, kama paa lililoezekwa ovyo.

Na bomba hilo hufungwa lini? Siku ya 28 hivi tangu mimba kutungwa. Wakati huo mama wengi hawajajua hata kwamba wana mimba.

Kalunguyeye na kondoo

Huko Heidelberg, Ujerumani, bibi Christiane Nüsslein-Volhard na mwenzake Eric Wieschaus walichunguza maelfu ya funza wa inzi wale wale, wakitafuta jeni zinazopanga mwili. Mwaka 1980 walitangaza waliyoyaona. Funza mmoja alijaa miiba midogo pote tumboni, hata mahali panapopaswa kuwa laini, kwa hiyo jeni yake wakaiita kwa jina la kalunguyeye, yule mnyama mdogo wa miiba. Mwaka 1995 wote wawili walipewa tuzo ya Nobel, pamoja na Edward Lewis wa Marekani.

Mwaka 1993 ilitangazwa kwamba wanyama wenye uti wa mgongo nao wanazo jeni za ukoo wa kalunguyeye. Mojawapo hutoa habari katikati ya mwili wa kijusi, na kwa habari hiyo ubongo wa mbele hugawanyika kuwa nusu mbili, kulia na kushoto, na macho hujitenga yakawa mawili. Mwaka 1996 ikajulikana kwamba panya wasio na jeni hiyo huzaliwa na ubongo usiogawanyika, na jicho moja katikati. Mwaka huo huo jeni hiyo hiyo ilikutwa na kasoro katika baadhi ya watu wa jamaa zenye ugonjwa wa namna hii.

Lakini habari yaweza kukatika hata kama jeni ni nzima. Sikieni kisa cha kondoo wa Idaho, huko Marekani. Katika miaka ya 1950 wachungaji wa nchi hiyo waliona wana-kondoo wakizaliwa na jicho moja. Wataalamu wa serikali walianza kuchunguza mwaka 1957. Baada ya miaka mingi wakagundua mmea wa porini uliokuwa malishoni. Jike akiula siku ya 14 ya mimba yake, mtoto huharibika uso. Akiula siku nyingine, huenda mtoto asipate kasoro ile. Jike mwenyewe alionekana mzima. Mwaka 1998 ikathibitishwa kwamba sumu ya mmea ule huziba njia ya habari ya kalunguyeye.

Tazameni basi, ndugu zangu. Kondoo yule hakuzini wala hakulogwa. Alikula jani mahali pabaya, siku mbaya.

Yaliyopatikana Lubumbashi

Sasa turudi kwetu. Katanga ni nchi ya shaba na kobalti. Kongo yetu hutoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia, nayo hutumika katika betri za simu na za magari. Utajiri huo hutoka ardhini pamoja na vumbi. Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na Profesa Benoit Nemery wa Leuven, Ubelgiji, na wenzao, walipima mikojo ya watu wa Katanga, na mwaka 2009 wakatangaza matokeo. Watu waliokaa chini ya kilomita 3 kutoka migodi au viwanda vya kuyeyusha madini walikuwa na kobalti zaidi ya mara 10 kuliko wale waliokaa mbali. Hao hawakuwa wachimbaji tu. Walikuwamo pia watoto wadogo.

Hapo likazuka swali juu ya watoto walio tumboni. Toka Machi 2013 hadi Februari 2015, waganga wa Lubumbashi, pamoja na wenzao wa Ubelgiji, waliwachunguza watoto wachanga 138 waliozaliwa na kasoro zinazoonekana kwa macho, na watoto 108 wasio na kasoro, ili kuwalinganisha. Waliuliza juu ya chakula, kazi, ukoo na makao. Walipima vyuma katika mwili wa mama, katika kitovu na katika kondo la nyuma. Daan Van Brusselen, Tony Kayembe-Kitenge na wenzao walitangaza matokeo mwaka 2020 katika jarida la waganga, The Lancet Planetary Health.

Je, ni jambo gani lililofungamana na kasoro kuliko mengine yote? Ni kazi ya baba. Baba akiwa mfanyakazi wa madini, uwezekano wa kupata mtoto mwenye kasoro ulihesabiwa kuwa yapata mara 5 na nusu. Yafaa niseme kweli kwamba hesabu hiyo si nyembamba. Kwa kuwa watoto waliochunguzwa hawakuwa wengi, ukweli waweza kuwa mahali popote kati ya mara 1 na kidogo na mara 25. Tena vyuma katika miili ya akina mama vilikuwa miongoni mwa vingi kabisa vilivyowahi kupimwa kwa wanawake wenye mimba popote duniani.

Nilipokutana na maneno hayo, nilisoma mara mbili. Miaka yote tumemkalisha mama chini na kumhoji, na kumbe alama kubwa kuliko zote ilikuwa katika kazi ya mume wake.

Mwaka 2019 Daktari Kayembe-Kitenge na wenzake walikuwa wamekwisha kuandika pia juu ya watoto waliozaliwa Lubumbashi wakiwa na ubongo wa mbele usiogawanyika, yaani ule ugonjwa ambao katika panya na kondoo hutokea habari ya kalunguyeye inapokatika. Lakini tusikimbie mbele ya wataalamu. Haijathibitishwa kwamba chuma fulani ndicho kilichoikata habari ile kwa watoto hawa. Wala haijajulikana kama kazi ya baba huleta madhara kwa vumbi aletalo nyumbani katika nguo zake, au kwa kuharibu mbegu yake mwenyewe, au kwa njia zote mbili. Na kwetu Mitwaba wengi huchimba kasiteriti, koltani na dhahabu, si kobalti. Mawe si yale yale. Hata hivyo vumbi ni vumbi, na mwenye busara hangoji nyumba iungue ndipo atafute maji.

"Basi ni mimi, Mwalimu?"

Niliyaeleza hayo katika nyumba ile yenye msiba, kwa maneno mepesi, mbele ya shangazi na wazee. Shangazi alinyamaza. Lakini yule baba kijana, ambaye ni mchimbaji, aliinua macho akaniuliza: "Basi ni mimi, Mwalimu? Mimi ndimi niliyemwua mwanangu?"

Wasomaji wapenzi, hapo pana hatari ya pili. Tukiondoa lawama kichwani pa mama ili tuitwike kichwa cha baba, tumefanya nini? Nilimjibu: "Hapana, baba. Ulikwenda shimoni kutafuta bukari na karo ya shule. Kutafutia jamaa yako chakula si kosa. Tena juu ya mtoto wako mmoja hakuna awezaye kujua hakika kilichomtendekea. Wataalamu huhesabu mamia ya watoto. Hawamhukumu mtu mmoja. Baba wengi wa migodini wamezaa watoto wazima, na wakulima wasioligusa jiwe la madini wamezaa watoto wenye kasoro."

Ndivyo ilivyo. Sababu za kasoro ni nyingi: jeni za ukoo, magonjwa ya mama, dawa kali, upungufu wa vitamini, sumu. Mara nyingi hakuna sababu inayoonekana. Kwa hiyo mtu asiyejua sababu asitunge mkosaji. Wanafunzi wa Yesu nao, walipomwona mtu aliyekuwa kipofu tangu kuzaliwa, walitaka kujua mwenye kosa ni yeye au wazazi wake. Injili ya Yohane, sura ya 9, yatueleza kwamba Bwana alilikataa swali lenyewe, akamponya yule mtu.

Lakini kusema kwamba baba na mama hawana kosa si kusema kwamba hakuna mwenye wajibu. Wanaonunua mawe yetu, wanaochimba kwa mashine kubwa, na wakuu wanaotoa ruhusa, wote wana wajibu wa kuzuia vumbi na kuacha maji safi. Mchimbaji asiye na maji ya kuoga shimoni hawezi kuoga kwa kuhubiriwa tu.

Tufanye nini?

Yako mambo machache tunayoyaweza sisi wenyewe, nami huyasema sasa kwa vijana wanaojiandaa kwa ndoa.

Baba arudipo kutoka shimoni, na aoge na kubadili nguo kabla ya kumshika mtoto au kuketi kitandani. Nguo za kazi zifuliwe peke yake, mbali na za nyumbani, wala asizifue mama mwenye mimba. Mawe yasipondwe uani wala yasilazwe ndani ya nyumba. Madini yasioshwe mahali tunapoteka maji. Mwanamke mwenye mimba, au anayetazamia kupata mimba, asiponde wala kuchekecha mawe. Mikono na mboga zioshwe vema kabla ya kula.

Jambo la pili ni vitamini iitwayo asidi ya foliki. Imo katika mboga za majani na katika maharagwe, na waganga huitoa kwa vidonge. Mwaka 1991 yalitangazwa matokeo ya jaribio lililofanywa katika nchi 7 kwa wanawake 1,817 waliowahi kupata mtoto mwenye kasoro ya bomba lile la uti wa mgongo au ya ubongo. Asidi ya foliki ilizuia kasoro hiyo isirudi kwa kadiri ya 72 katika kila 100. Lakini angalieni: bomba hufungwa siku ya 28. Vidonge vikianza mwezi wa tatu vimechelewa kwa kazi hiyo. Vianze kabla ya mimba, mikrogramu 400 kila siku, na viendelee miezi mitatu ya kwanza. Mama aliyekwisha kuzaa mtoto wa namna hiyo huhitaji kipimo kikubwa zaidi, na kipimo hicho apewe na mganga. Asidi ya foliki haiondoi vyuma mwilini, wala haizuii kila kasoro. Lakini kinachowezekana kisiachwe kwa sababu si vyote vinavyowezekana.

Jambo la tatu halihitaji fedha wala dawa. Mama aliyezaa mtoto mwenye kasoro apelekewe maji ya kuoga na chakula cha moto. Mtoto akiwa hai, apelekwe hospitali mapema, kwa maana mdomo uliopasuka hushonwa, na mgongo wazi hufungwa, na wengi hukua wakasoma. Mtoto akifa, azikwe kwa jina lake kama mtoto yeyote. Na mzee akitaka kutaja mlozi, vijana wamwambie kwa heshima: "Baba mzee, tafadhali tuambie kwanza mtoto hujengwaje."

Yule mama wa Mitwaba ana mimba tena. Safari hii alianza vidonge mapema, na mume wake amejenga bafu la nyasi nje ya ua, karibu na njia itokayo machimboni. Shangazi ndiye amtekeaye maji.